Nyumba Iliyopanda Lori

Asubuhi makontena mawili yalipoingia Kongowe, watu wa Kibaha walitoka majumbani wakidhani sukari imefika. Mwaka themanini na nne ulikuwa mwaka wa namna hiyo. Lori lolote lililobeba kitu kilichofungwa lilifuatwa na macho, na nyuma ya macho vikafuata vikapu. Lakini lori hili lilipita duka la ushirika bila hata kupunguza mwendo, likakata kushoto kwenye njia ya mchanga, likaenda kusimama kwenye kiwanja cha Abeid. Nyuma yake ilikuja kreni, na ndani ya kreni alikaa Abeid mwenyewe, kofia ngumu kichwani, anacheka kama bwana harusi.

Mkewe, Mboni, alikuwa kiwanjani anapalilia mihogo. Alisimama na jembe lake mkononi akamtazama mumewe akiliinua sanduku la kwanza la chuma, jekundu lililochujuka, refu kama chumba na ukumbi wake, na kulilaza taratibu juu ya mihogo ile ile.

"Baba Amina, hiki nini?"

"Kiinua mgongo changu!" Abeid akajibu kutoka juu.

Kampuni ya kigeni iliyomwajiri ilikuwa imemaliza kipande chake cha barabara, na sasa ilikuwa inafunga kambi yake kule Zegereni. Wafanyakazi walioachishwa kazi waliruhusiwa kuchagua katika vitu vilivyobaki. Mmoja alichukua jenereta bovu, mwingine mapipa. Abeid aliomba makontena mawili yaliyokuwa stoo ya vipuri, na kwa kuwa kreni ilikuwa bado mikononi mwake, akaomba na siku moja ya kuitumia.

"Mimi nilitegemea bati," Mboni alisema, lori lilipokwisha kuondoka na vumbi kutua. "Nilitegemea sementi, Abeid. Kitu cha mtu kujengea."

"Sementi ya wapi? Ombi letu la kibali limelala ofisini kwenu tangu mwaka jana, na wewe unafanya kazi humo humo. Hii hapa nyumba imekuja na paa lake. Imebaki milango na madirisha, na hiyo ni kazi yako."

Kabla Mboni hajajibu, mama yake alitokea. Mama Mwanamvua alikuwa anakaa nao katika vyumba walivyopanga hatua chache kutoka pale, naye alikuwa amesikia kelele. Alilizunguka kontena zima. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaligonga tena mbele kidogo.

"Ndani mna nini?"

"Hamna kitu, mama," Mboni akasema.

"Basi sawa. Sasa mtafuteni na marehemu wake. Jeneza kubwa namna hii halinunuliwi bure."

Akageuka akaenda zake. Abeid, ambaye kwa adabu ya mkwe hakuthubutu kucheka mbele yake, aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Mboni alikuwa mchora ramani katika ofisi ya ujenzi ya mkoa. Siku nzima alikaa kwenye kigoda kirefu mbele ya meza iliyoinama, akichora zahanati za watu, madarasa ya watu, ofisi za kata ambazo nyingine hazikuwahi kujengwa. Nyumba yake mwenyewe hakuwahi kuichora. Si kwamba hakuwa na nafasi. Kila alipoanza, mkono ulikwenda vizuri mpaka kwenye mlango wa mbele, kisha ukasimama.

Hakuwa mtu wa kutulia. Tangu aolewe walikuwa wamehama vyumba vya kupanga Maili Moja, Tumbi, Picha ya Ndege, mpaka Kongowe hii, na kila mara mwenye kuanza habari ya kuhama alikuwa yeye. Chumba kikishamzoea, naye akishajua ni ubao gani wa dirisha unaolia usiku, miguu ilianza kumuwasha. Abeid alizoea. Alisema kwa mizaha kwamba ameoa upepo, na kwamba heri upepo kuliko moshi.

Wachache walijua ugonjwa huo ulianzia wapi.

Mwaka sabini na nne Mboni alikuwa chuo cha ufundi Dar es Salaam, msichana mmoja katikati ya wavulana. Likizo ilipofika alipanda basi la kwenda Kisarawe ya ndani, akashuka njia panda karibu na Mzenga, akaanza kutembea kwenda kwao akiwa na begi lake na mkate wa kumpelekea mama yake. Njia ilikuwa imeanza kuota majani katikati. Alipofika, mikorosho ya marehemu baba yake ilikuwa imesimama pale pale, kila mmoja mahali pake, lakini nyumba haikuwepo. Zilibaki nguzo zilizovunjikia chini, na mlango wao, mlango wa mvule aliouchonga baba yake, umelala kifudifudi kwenye mavumbi. Hakukuwa na kuku wala moshi. Aliita jina la mama yake, akaita majirani mmoja mmoja, mpaka akajiona kama mtu anayesoma majina makaburini. Mwishowe mzee mmoja aliyekuwa amerudi kwa kujificha kuchimba mihogo yake alimwambia: watu wote wamehamishiwa kijiji cha ujamaa, huko upande wa Mlandizi. Walikuja na malori. Nyumba zilivutwa kwa kamba.

Alimkuta mama yake siku ya pili, ameketi chini ya turubai katika mstari mrefu wa maturubai, mbele yake kijiti chenye namba ya kiwanja. Mama alimtazama, asilie, asieleze.

"Umekula?" alimuuliza.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote juu ya jambo lile, siku hiyo na miaka iliyofuata. Ujamaa wenyewe Mboni aliuimba chuoni, na aliupenda, na hakuona haya kuupenda. Lakini tangu siku ile hakuweza kukaa mahali bila kwanza kutafuta kwa macho pa kutokea.

Jioni ya makontena, Abeid alipokwenda msikitini, Mboni alirudi kiwanjani peke yake. Aliufungua mlango wa chuma, ukalia kwa sauti iliyowafanya ndege wa mti mzima waruke. Akaingia. Palinuka grisi na kutu. Aligusa ukuta, akausukuma kwa bega, haukutikisika. Akasimama katikati ya giza lile na wazo likamjia bila kuitwa: huu hauvutwi kwa kamba.

Kesho yake alianza kuchora.

Wiki zile hakuna aliyekula kwa amani nyumbani kwa Abeid. Mboni alichora kwenye karatasi chakavu za ofisi, kwenye mfuko wa unga wa njano, kwenye mchanga uani kwa kijiti. Aliamka alfajiri akaenda kupima jua linaanguka wapi. Jumapili moja alijifungia ndani ya kontena tangu saa tano mpaka adhuhuri ikapita, akitembea huku na huku na kiganja ukutani ili ajue joto linaanza upande gani, akatoka gauni limemshika mwilini kama aliyevuka mto. Bintiye mkubwa, Mwanaamina, waliyezoea kumwita Amina, alimletea maji, akamkuta anazungumza peke yake.

"Chuma hakina kosa," alikuwa anasema. "Chuma kinataka kivuli tu."

Na ramani ikaanza kujipata. Makontena yangekaa sambamba, kuta zake fupi zikitazama maawio na machweo, na katikati yake uwazi wa kutosha kuwa ukumbi. Juu ya yote mawili lingepita paa moja kubwa la makuti juu ya nguzo, limeinuliwa ili upepo upite kati ya makuti na chuma. Ukuta wa magharibi ungevishwa fito na udongo kwa nje, jua la jioni lipige udongo badala ya bati. Kontena moja la Abeid, Mboni na watoto. La pili la mama, peke yake, na bafu lake na mlango wake. Hapo Mboni alijisifu moyoni, maana tatizo hilo lilikuwa linamsumbua siku nyingi. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawagongani mlangoni wala kupishana na ndoo za kuogea. Katika vyumba vya kupanga walikuwa wanaishi kwa kukohoa: Abeid akohoe kabla ya kutoka, Mama Mwanamvua akohoe kabla ya kuingia. Sasa kila mtu angekuwa kwake, na wote wangekuwa pamoja.

Alimwonyesha mama yake ramani. Mama aliishika juu chini, akaigeuza.

"Mimi niko wapi hapa?"

"Hapa, mama. Chumba chako ndicho kikubwa kuliko vyote."

"Na mlango wangu unatazama wapi?"

"Unatutazama sisi. Ukifungua tu, watoto hawa hapa, mimi huyu hapa."

"Mh," Mama Mwanamvua alisema, akamrudishia karatasi. "Kazi nzuri. Mikono ya baba yako hiyo."

Mboni aliisikia ile "mh" hata alipokuwa kazini.

Fundi wa kuchomelea alikuwa Silvanus, Mhaya mmoja mwenye gereji Maili Moja, aliyekuja Pwani kijana na hakurudi tena Bukoba ila kwa misiba. Gesi ya kukatia ilikuwa shida. Ilipopatikana alikuja mbio, ilipokwisha alipotea. Alifungua dirisha la kwanza mahali Mboni alipochora kwa chaki, na kipande kilichokatwa akakitia bawaba kiwe ndicho kifuniko cha dirisha lile lile. Kazi ilipendeza. Majirani walikuja kuona moto unavyokula chuma.

Siku iliyofuata Mboni alimfuata Silvanus na chaki mkononi, akachora dirisha jingine, karibu kabisa na lile.

"Hili la jana limekaa chini mno," alisema. "Upepo unapita magotini."

Silvanus alivua miwani yake myeusi. "Mama Amina, mimi nakuheshimu. Lakini chuma siyo karatasi. Karatasi ukikosea unafuta. Hili nikilifuta nafutaje?"

"Liache libaki. Ongeza la juu."

"Utanigeuzia kontena kuwa chujio la nazi."

Usiku Abeid alimuuliza, kwa upole, kama mtu anayempapasa mbuzi mwoga, "Unatafuta nini hasa katika hii nyumba, mke wangu? Niambie nikusaidie kutafuta."

Mboni alifikiri. "Natafuta mama akae," akasema.

Maana Mama Mwanamvua hakukaa. Kijiji cha kule Mlandizi alikikimbia mara tu Mboni alipopata kazi, akaja Kibaha kwa furaha, na huku nako akawa mgeni. Msimu wa korosho ulipoingia, alitoweka. Aliaga kwamba anakwenda msibani au anakwenda kumjulia hali ndugu, kisha akarudi baada ya siku nyingi, miguu imepasuka, na utomvu wa korosho umemuunguza vidole. Hakuna aliyeuliza. Ilijulikana kwamba watu wengi walikuwa wanarudi kuvuna mikorosho yao ya zamani, na wengine walikuwa wameanza kulala huko huko. Viongozi waliona, wakatazama pembeni. Mambo yalikuwa yameanza kulegea, ingawa hakuna aliyesema kwa sauti.

Walihamia kabla ya vuli. Paa la makuti lilikuwa bado bichi, linanuka mnazi. Upande wa Abeid sakafu ya mbao ilisuguliwa ikang'aa, upande wa mama palitandikwa mkeka mpya, na ukumbi wa katikati ulijaa watu waliokuja kusoma dua na kushangaa. Watu waligusa kuta, wakasema "Allah!" walipoona pamepoa. Mtumishi mmoja wa ofisini kwa Mboni, aliyekuja na suti yake ya Kaunda, alisema anaweza kumwomba amchoree na yeye, lakini makontena atayatoa wapi? Abeid alikunja mikono kifuani, akawa kama ndiye aliyeiumba nyumba ile siku ya kwanza ya dunia. Mboni alitembea kutoka upande huu kwenda upande ule, anapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Mvua ya kwanza ilipiga siku chache baadaye. Aliamka asubuhi akavuka ukumbi kumwamkia mama yake. "Shikamoo, mama." Kimya. Akasukuma mlango. Mkeka ulikuwa umekunjwa vizuri ukutani. Mama hakuwepo.

Safari hii Mboni hakungoja. Aliomba ruhusa kazini, akapanda gari mpaka Mlandizi, na kutoka Mlandizi akapata lori la magogo lililokuwa linakwenda tupu Mzenga kupakia. Halafu akatembea. Hakuwa amekanyaga njia ile tangu siku ya mkate. Mara mbili alisimama akataka kurudi.

Kwanza aliona moshi. Kisha akasikia kinu kinatwangwa. Chini ya mikorosho palikuwa na vibanda vinne vitano vya matawi, na mbele ya kimojawapo mama yake alikuwa ameinama anachochea moto wa makumbi ya nazi, kanga imefungwa kifuani, mwepesi kama msichana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

Mboni alipaza sauti. "Mama, usiniulize kama nimekula! Nimekujengea nyumba. Nimekaa jua kali ndani ya bati kama samaki wa kukaanga ili nijue utalala wapi usisikie joto. Umelala siku ngapi? Ni kitu gani sikuweka? Niambie, nitakiweka."

Mama Mwanamvua alijinyoosha. Alimshika mkono, akampeleka nyuma ya kibanda, penye kichuguu, akaonyesha kwa kidole: hapa palikuwa jiko, hapa ukumbi, hapa ulizaliwa, na pale, penye majani yaliyofyekwa upya, amelala baba yako.

"Nyumba yako haina kasoro," alisema. "Nimelala vizuri. Lakini mwanangu, nikifungua mlango nawaona ninyi mnanitazama. Kila nikinyanyuka, 'Mama unakwenda wapi?' Nikichelewa chooni, Amina anatumwa. Wewe umenijengea nyumba ya kunishika."

"Nakushika kwa kuwa nilishakukosa mara moja!"

Lilimtoka kwa nguvu hata wanaotwanga wakaacha kutwanga. Mama yake akaketi chini, pale penye majani, akamvuta bintiye aketi naye. Na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule alisema. Alieleza jinsi malori yalivyokuja asubuhi, jinsi alivyoomba amalizie kuanika korosho, jinsi alivyokaa juu ya lori amegeuza uso kwa sababu hakutaka kuiona kamba inavyokaza. "Niliwaza jambo moja tu," alisema. "Mboni akija atakuta nini. Basi. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, ingejengwa nyingine. Kilichoniuma ni wewe kuja ukaita mtu asiitike."

Mboni alilia, na mama hakumkataza. Alimwacha mpaka akamaliza.

"Sasa," Mama Mwanamvua akasema, akipangusa kanga mavumbi, "kuna watu wanasema tutafukuzwa tena hapa, kuna wanaosema hatufukuzwi. Mimi nimechoka kusikiliza. Nipe lile jeneza langu."

"Lipi?"

"Lile sanduku. Umesema ni langu. Si langu? Basi niletee hapa. Hilo wakitaka kulivuta, na walete kamba yao tuone."

Mboni alirudi Kongowe kichwa kinazunguka. Alitaka Abeid akatae. Njia nzima aliandaa maneno ambayo mumewe angesema: kwamba haiwezekani, kwamba kreni imekwisha kwenda na wenyewe, kwamba paa lile moja limeshika makontena yote mawili na ukitoa moja umebomoa nyumba. Na yeye angesema, unaona, mama, haiwezekani, na mambo yangekwisha.

Abeid alisikiliza mpaka mwisho. Tangu kampuni ifunge kambi alikuwa hana kazi, na katika siku zile za msako wa Nguvu Kazi mwanamume asiye na kazi mjini alitembea akitazama nyuma ya bega. Uso wake uliwaka kama taa iliyotiwa mafuta.

"Mama mkwe kasema hivyo? Yeye mwenyewe?"

"Abeid, ndiyo nyumba yetu!"

"Si nimelishusha mimi? Nitalipandisha mimi. Lori la magogo si linakwenda tupu? Linarudi ndiyo limejaa. Silvanus ana chenibloku mbili za kuinulia injini. Miti ya kuviringishia ipo." Alikwisha kusimama. Kisha akaona uso wa mkewe, akakaa tena. "Wewe unasemaje?"

"Nikisema hapana?"

"Ukisema hapana, hapana. Nyumba umeichora wewe."

Mboni alitoka nje, akazunguka nyumba yake. Aliizunguka akishika kuta, kama mama yake alivyolizunguka kontena siku ile ya kwanza. Alijua kila mahali palipokatwa na kila mahali palipojutiwa. Palipokutana makuti na nguzo za katikati alisimama muda mrefu. Akiwa fundi aliona kwamba paa linaweza kukatwa pale bila kuanguka. Hakujua kama alilichora hivyo kwa makusudi. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umeacha pa kutokea.

Alipoingia ndani alisema, "Fito za upande wa magharibi zitolewe kwanza. La sivyo udongo utaangukia watu."

Kazi ilichukua siku mbili za jasho. Walikata makuti, wakang'oa nguzo za ukumbi, wakaliinua kontena kwa chenibloku pembe moja baada ya nyingine na kulisukuma kwa magogo ya mviringo mpaka juu ya lori. Silvanus aliimba nyimbo za kwao zisizoeleweka na mtu yeyote. Dereva, kijana wa Mlandizi, aliapa kwa mama yake mzazi kwamba breki zake ni nzima. Watoto wa Kongowe walisindikiza lori mpaka barabara kuu, wanapiga kelele: "Nyumba imepanda gari! Nyumba imepanda gari!"

Mboni alipanda nyuma, akakaa ndani ya kontena lenyewe, akashikilia ukingo wa lile dirisha la chini ambalo hakulipenda. Barabara ya Mzenga ilikuwa na mashimo ya kumeza ng'ombe. Kwenye mteremko mmoja tairi za nyuma zilizama mchangani, lori likainama, kontena likatoa mlio kama linataka kushuka lenyewe. Abeid alipiga kelele kwa mkewe aruke. Hakuruka. Hakujua kwa nini. Alikaa amefumba macho, mgongo ukutani, na kwa muda ule mfupi, nyumba ikiwa imening'inia na hakuna anayejua itaangukia wapi, alihisi mwili wake umetulia kuliko ulivyopata kutulia kitandani. Kisha watu wakatia matawi chini ya matairi, wakasukuma, lori likanguruma na kutoka, na wasiwasi wake ukarudi kama mtu aliyekuwa amechungulia nje tu.

Walipofika, wenye vibanda wote walikuwa wamesimama. Mama Mwanamvua alikuwa amekwisha kufyeka mahali na kuweka mawe manne ya pembe. Aliwaelekeza wanaume kwa mkono, mkwewe akiwa mmoja wao, bila kukohoa wala kujifunika uso. "Hapo hapo, baba. Mlango utazame kule." Kule kulikuwa na mikorosho, na njia. Waliliteremsha. Chuma kilikaa juu ya mawe kwa kishindo kimoja, na wanawake wakapiga vigelegele. Mama alipanda ndani, akajaribu mlango, akaufungua na kuufunga, kisha akatoka akaenda kuwapikia wageni wake.

Viongozi walikuja mara moja, baada ya Mwaka Mpya. Walilizunguka kontena, wakauliza limefikaje, wakaandika, wakanywa maji ya dafu, wakaenda. Hawakurudi. Haijulikani kama ni kwa sababu ya chuma au ni kwa sababu wakati wenyewe ulikuwa umegeuka. Vibanda vya matawi vikawa nyumba za udongo. Abeid alipata kazi ya kreni bandarini, akawa anakwenda Dar kwa gari la alfajiri na kurudi kwa gari la jioni.

Kule Kongowe ilibaki nusu ya nyumba. Paa lilining'inia upande mmoja kama kofia iliyovaliwa vibaya, na mahali palipokuwa kontena la mama mihogo ilichipua yenyewe. Majirani walishauri pajengwe haraka. Mboni alichora vyumba vya kujazia pale, akavichora tena, akaviacha.

Mwezi wa tatu, asubuhi ya Jumamosi, walisikia sauti nje. "Hodi wenyewe!"

Mama Mwanamvua alikuwa amesimama nje ya uzio, na jogoo kwapani na kikapu cha korosho kichwani. Hakuingia mpaka alipokaribishwa. Alikunywa chai, akamsikiliza Mwanaamina akisoma kitabu, akaisifu mihogo. Alilala kwenye mkeka na wajukuu. Asubuhi iliyofuata alijifunga kanga yake.

"Kaa hata kesho, mama," Mboni alisema.

"Nina kuku. Nani atawafungulia? Nimewaona, basi, narudi kwangu."

Alilisema neno hilo kama linavyosemwa na mtu yeyote, hata hakutambua kwamba bintiye alikuwa ameinua macho.

Mboni alimsindikiza mpaka barabarani. Gari la Mlandizi lilikuja limejaa, mama akapanda, akapata nafasi ya kusimama karibu na mlango, akapunga mkono mara moja na kuanza papo hapo kuzungumza na mwanamke aliyekuwa jirani yake. Gari likaondoka. Mboni alisubiri ule wasiwasi wa zamani umshike, na ukamshika kweli, lakini haukujua umwambie nini. Mama yuko wapi? Anajulikana aliko. Atafika saa ngapi? Mchana.

Akageuka kurudi nyumbani. Alipofika kwenye njia ya mchanga ya kukata kushoto hakukata, akaendelea moja kwa moja, akapita nyumba ya mwisho, miguu ikimpeleka. Alitembea mpaka jua likapanda, hatafuti kitu. Alipokutana na mama mmoja wa jirani anayetoka kuteka maji, yule mama alimshangaa.

"Mama Amina, wapi tena huko?"

"Nanyoosha miguu tu," Mboni akasema. "Sasa hivi narudi."